Ushauri Hauna Mwandiko

Sehemu ya Tisa

Wiki iliyopita nilimwacha binti amesimama mbele ya meza ya mhadhiri wa upimaji, mikono nyuma, na swali limening'inia hewani: nani alikwambia ufute? Wengi wenu mmenitumia ujumbe mkinilaumu kwa kukata pale. Laumuni tu. Nilikata kwa sababu nilikuwa nimekasirika hadi kalamu ikawa inachana karatasi, na hasira yenyewe mpaka leo haijanitoka.

Kwa aliyeokota gazeti hili leo, habari kwa ufupi ni hii. Binti yuko mwaka wa kwanza, anasomea upimaji wa ardhi. Wiki ya kwanza tu wanafunzi wa miaka ya juu walimbandika jina la Bi Kwa Nini, kwa kuwa aliuliza "kwa nini" mara tatu katika somo moja. Zoezi lao la kwanza lilikuwa kupima mawe tisa yaliyouzunguka uwanja wa idara, kila moja liko mita ngapi chini ya usawa wa mashine, kuandika namba kwa penseli kwenye kitabu cha vipimo na kukikabidhi.

Kitabu hicho kina kanuni yake, na kanuni hiyo hata wafagiaji wa idara wanaijua. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya namba, andika nyingine pembeni. Kufuta ni marufuku. Anayefuta anahesabiwa ameghushi, na anayeghushi anafungasha virago.

Binti alikuwa amefuta. Jiwe la nne, ukurasa wa pili, karatasi imechubuka mpaka imekuwa nyembamba. Na barua ya kumsimamisha masomo kwa mwaka mzima ilikuwa imeshachapwa, imelala mezani, inasubiri saini ya mkuu wa idara saa nane mchana.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho," alisema mhadhiri.

Binti akaitazama barua, jina hakulitaja. Msimuone mjinga. Aliyemwambia afute ni binamu yake, mtoto wa shangazi yake, na shangazi huyo ndiye aliyemchukua akiwa na miaka minane, akamlea kwa cherehani moja na mwanawe huyo huyo, kitanda kimoja, sahani moja. Siku ya kuondoka nyumbani Shangazi alimshika mabega akamwambia kaka yako yuko mwaka wa tatu, chuo anakijua ndani nje, atakalokwambia lifanye, na usinitie aibu.

Chuo kizima kinamwita kaka huyo Mwongozo. Kila mwaka anawakusanya wageni kwenye ukumbi wa bweni, anakaa juu ya meza, miguu inaning'inia, anawapa siri za maisha. Siwezi kumnyima haki yake, mengine yalikuwa ya maana. Aliwaambia foleni ya kujisajili ni fupi kabla ya saa mbili. Aliwaambia wasinunue kitabu chochote kabla ya kuuliza maktaba. Aliwaambia mgonjwa asijifungie chumbani siku tatu, aende zahanati. Wageni wakaandika kila neno.

Kisha, wakiwa wameshamwamini, akawapa sumu. Mawe ya uwanjani hayatembei, aliwaambia. Namba zake ni zile zile miaka yote. Kwa nini ubebe mashine ya kupimia juani siku mbili wakati kitabu kilichonakiliwa mwaka jana kipo? Akakitoa begini, kimechakaa pembe, akakirusha kwa aliyekuwa karibu. Wakacheka. Wakakipokezana chumba kwa chumba, na wenyewe wanakiita urithi.

Binti peke yake alimvuta mwenzake wa chumbani, wakabeba mashine, wakapima. Mwenzake alishika ile rula ndefu juu ya mawe, yeye akasoma namba. Siku mbili za jua. Jiwe la nne likampa moja nukta sita nane nne. Mwongozo alipokuja chumbani kuwajulia hali, akalinganisha na urithi: moja nukta tano sifuri mbili. Akatikisa kichwa kwa huruma, huruma ya kweli kabisa, akamwambia umesoma vibaya, mdogo wangu, utapata sifuri. Akatoa ufutio mfukoni mwake akampa.

Naye akafuta. Ndiyo, mshangae. Mtu aliyeuliza kwa nini mara tatu mbele ya darasa zima, mbele ya kaka yake hakuuliza hata mara moja.

Tuendelee.

Mhadhiri alikichukua kitabu akaenda nacho dirishani. Akakilaza upande ili mwanga upite juu ya karatasi. Penseli ngumu huacha mfereji, na ufutio hauondoi mfereji. Mhadhiri akakaza macho. Akavua miwani, akaivaa tena. Kisha akaisoma namba polepole, tarakimu moja moja, sauti yake imebadilika.

"Moja. Sita. Nane. Nne. Hii uliipata wapi?"

"Nilipima, Mwalimu."

"Ulipima lini?"

Akamtajia siku. Mhadhiri akakaa kitini kwa nguvu hata kiti kikalia. Ikabidi amweleze, naye alieleza kama mtu anayetapika. Wakati wa likizo, kabla ya mwaka wa kwanza kufika, alichukua sululu peke yake, akaling'oa jiwe la nne na kulizamisha karibu shubiri moja. Hakumwambia mtu. Alikuwa amechoka kupokea namba zile zile kila mwaka. Na mwaka huu, katika vitabu arobaini na viwili, vitabu arobaini na viwili viliandikwa moja nukta tano sifuri mbili.

"Kwa hiyo ulitutegea," alisema binti.

"Niliwategea."

Hapo binti alipandwa na hasira yake ya kwanza ya siku ile, na nyingine zilikuwa njiani. Alimwambia mwalimu wake usoni kwamba anayeona watoto wanaingia shimoni kila mwaka anapaswa kuwazuia juu, si kukaa chini kuwahesabu wanavyoanguka. Mhadhiri hakumkaripia. Alimweleza kwamba kuna shule ya msingi mahali fulani ambayo mtaro wake wa maji machafu ulichimbwa kwa namba ya kunakili, na maji yakapanda kurudi madarasani, watoto wakaugua darasa zima.

"Aliyesaini ile namba nilimfundisha mimi. Hapa hapa. Nilimpa alama za juu."

Kisha akamwambia hali ilivyo. Wale arobaini na mmoja wakiitwa watasema jiwe limezamishwa baada ya wao kupima, na yeye hana cha kuwajibu. Kitu pekee kinachothibitisha jiwe lilikuwa limeshazama ni ile namba iliyo chini ya ufutio. Kwa hiyo aliyeingia ofisini akiwa mshtakiwa sasa amekuwa shahidi, na shahidi ni mmoja. Amtaje anayegawa urithi, mhadhiri atamtetea mbele ya kamati. Akinyamaza, barua ile pale.

Alitoka mbio kumtafuta Mwongozo. Alimkuta kantini, meza ya kona, anamwelekeza mgeni mmoja jinsi ya kuomba kuhamishwa chumba. Alipomwona binti amevimba vile, akamfukuza mgeni kwa kidole.

Binti alimweleza yote bila kupumua. Kisha akamwomba kitu kimoja tu: twende wote kwenye kamati, useme kitabu ulikitoa wewe.

Mwongozo alimsikiliza huku akikoroga chai. Akampa ushauri. Jamani, bado alikuwa na ushauri! Alimwambia aingie macho yakiwa mekundu kwa kulia, kamati inapenda machozi. Aseme alikuwa na homa, akakosea kwa homa. Asitaje mtu, maana anayetaja watu chuoni haazimwi hata kalamu miaka mitatu. Na ile namba ya chini aseme alibuni.

"Niseme nilibuni ile niliyoipima?"

"Mdogo wangu, mimi nimebakiza muhula mmoja. Muhula mmoja tu. Wewe una umri. Mwaka mmoja nyumbani unakupunguzia nini?"

"Na Shangazi nitamwambia nini?"

Mwongozo akatazama pembeni. Akasema hilo asijali, la mama ameshalimaliza yeye.

Binti hakuelewa ameshalimaliza vipi. Alielewa dakika kumi baadaye, kwenye ngazi za maktaba, simu ilipoita. Shangazi hakusubiri hata shikamoo. Kwa nyuma cherehani ilikuwa kimya, na hilo peke yake lilimtisha, maana Shangazi huongea na simu huku mguu uko kwenye pedali.

"Mwanangu, nimekulea uwe mwizi mimi?"

Kumbe Mwongozo, ambaye habari ilimfikia mapema kwa kuwa ndiye msimamizi wa wageni, alimpigia mama yake asubuhi, kabla binti hajaitwa ofisini. Alimwambia binti aliingia chumbani kwake akaiba kitabu cha watu, akanakili, akakamatwa, na sasa atataka kumtupia yeye lawama. Shangazi alikuwa analia kwa hasira. Akamwagiza arudishe kitabu cha wenyewe, aombe radhi, na asithubutu kumchafulia kaka yake jina mwishoni mwa safari. Binti alifungua mdomo kujieleza. Simu ikakatwa.

Niseme wazi, mimi ningemfuata kantini nikammwagia ile chai. Binti hakufanya hivyo. Alikaa kwenye ngazi, akaweka simu mfukoni, akatazama saa. Ilikuwa saa nane kasorobo. Hakuwa na homa wala chozi. Akainuka.

Kamati ilikuwa ya watu watatu kwenye chumba cha ramani: mhadhiri, karani wa kuandika, na katikati mkuu wa idara, mama mfupi asiyepandisha sauti hata akigombana. Mwongozo alikuwa ameshafika. Ameitwa kama msimamizi wa wageni, amevaa shati la mikono mirefu, kalamu mbili mfukoni.

Akaulizwa kwanza yeye, kuhusu kitabu cha kunakili kinachozunguka bwenini. Alizungumza vizuri, sikatai, mtoto yule anajua kupanga maneno. Alisema kitabu ni kumbukumbu yake binafsi, kiliibwa chumbani, na kwamba inamuuma zaidi kwa sababu aliyekiiba ni damu yake. Alisema yeye siku zote anawahimiza wageni wapime wenyewe. Akaongeza kwamba hata ile namba ya chini ni ya kubahatisha, maana mwaka wa kwanza hawezi kuisimamisha mashine vizuri peke yake.

Mkuu wa idara akamgeukia binti. Una neno?

"Ninalo moja, Mama. Aliyeniambia nifute ni yeye, na sasa anasema mimi siwezi kuisimamisha mashine. Naomba atuoneshe yeye."

Mwongozo akacheka kidogo. Mkuu wa idara hakucheka. Alifunga faili, akasema uwanja uko hapo nje.

Basi wakatoka. Na habari chuoni hazina mguu lakini zinakimbia, kwa hiyo walipofika uwanjani mwaka wa kwanza wote walikuwa wamejaa kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza, wameegemea ukuta, vidole midomoni.

Mashine ile haina siri. Unasimamisha miguu mitatu kwenye vishimo vyake, kimo kile kile kila mara, unaifunga juu, kisha unazungusha skrubu tatu mpaka kipovu cha hewa kikae katikati ya kiduara. Mwanafunzi wa wiki ya pili anaifanya huku anaongea. Mwongozo alifungua miguu mitatu, mguu mmoja ukateleza. Akaushindilia. Akafunga mashine. Akazungusha skrubu, kipovu kikakimbilia kushoto. Akazungusha nyingine, kikakimbilia kulia. Shati likaanza kulowa mgongoni. Miaka mitatu, wasomaji wangu. Miaka mitatu anawaongoza watu na kipovu kinamkimbia.

Roshani walikuwa wanaona yote. Hakuna aliyecheka, na mimi naona hiyo ilimuuma kuliko kicheko.

Aliinama kama anayechungulia kwenye lenzi, akanong'ona bila kugeuza kichwa. "Nielekeze. Ipi kwanza?"

Binti alimsikia. Alimwacha azungushe.

Mhadhiri aliposema inatosha, sauti yake ilikuwa ya mtu anayeugua. Binti akasogea. Akairekebisha miguu kwa goti, akazungusha skrubu mbili kwa pamoja, kisha ya tatu, kipovu kikatulia. Akaomba mtu wa kushika rula kwenye jiwe la nne. Akainua macho roshani. Nyuso arobaini na moja zikatazama viatu.

Mwisho mwenzake wa chumbani akajitenga na wenzake, akashuka ngazi moja moja, amekunja uso. Alikuwa ameshika rula siku zile mbili, kisha kwenye kitabu chake akanakili urithi kama wengine, kisafi hakina doa, na alijua kabisa anashukia nini. Akaichukua rula akaenda kusimama juu ya jiwe.

"Moja nukta sita nane nne," alisoma binti.

Mhadhiri akachungulia baada yake. Akaitamka namba ile ile.

Najua mnavyofurahi hapo mlipo. Subirini kwanza. Mkuu wa idara alimpongeza binti kwa sauti yake ile ya chini, akasema ni wazi alipima, na alipima sawasawa. Kisha akamuuliza swali fupi.

"Nani alifuta?"

Binti akaikunja mikono. "Mimi, Mama. Kwa mkono wangu. Nilikuwa na namba ya kweli nikaifuta."

"Kanuni inamtaja aliyefuta," alisema mkuu wa idara. "Aliyeshauri haimtaji. Ushauri hauna mwandiko."

Akaiweka barua juu ya faili, akatia saini. Mwaka mmoja. Aliposaini hakumtazama binti, na mhadhiri aligeukia ukuta.

Mwongozo akashusha pumzi iliyosikika uwanja mzima. Halafu akafanya jambo ambalo, nikimkuta leo barabarani, nitamuuliza alikuwa na akili gani. Alimsogelea binti akampigapiga begani.

"Mwaka si mwingi, mdogo wangu. Nitakushauri namna ya kuutumia."

Binti akauondoa ule mkono begani kwake, kidole kimoja kimoja. Alimgeukia mkuu wa idara akauliza kama vitabu vya vipimo vya miaka ya nyuma huwa vinatunzwa.

Vinatunzwa stoo, akajibiwa. Miaka saba.

"Basi naomba kitolewe cha kaka. Cha mwaka wake wa kwanza. Hicho kina mwandiko."

Mwongozo alianza kusema kwamba hayo hayahusiani. Mkuu wa idara alikuwa ameshamwashiria karani. Walisubiri juani robo saa, mpaka karani akarudi amekumbatia kitabu cha kijani, vumbi limemjaa kifuani.

Mhadhiri alikifungua ukurasa wa mwanzo kabisa, ule ambao hakuna anayeusoma. Pale mpimaji huandika hali ya hewa ya siku ile na namba ya mashine aliyotumia. Hesabu hazina uhusiano na ukurasa huo, kwa hiyo mvivu huunakili tu kama ulivyo.

"Hali ya hewa, mawingu," alisoma. "Mashine, namba saba."

Akasoma tena kimoyomoyo.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu, Mwalimu, lakini..."

"Mashine namba saba niliiangusha mimi kwenye ngazi zile pale. Ilivunjika vipande. Mwaka mmoja kabla wewe hujaja chuoni."

Roshani ikavuta pumzi. Wengi walikuwa wameanza kukumbuka walichoandika wao kwenye ukurasa wa mwanzo. Mkuu wa idara akamwambia karani, kwa sauti ile ile ya chini, arudi ofisini akachape barua nyingine, na jina alichukue kwenye jalada la kijani. Mwongozo alikaa chini, kwenye majani, na shati lake jeupe.

Ndipo simu ikaita mfukoni mwa binti. Shangazi. Binti aliitazama mpaka ikakaribia kukatika, akapokea.

"Umeshaomba radhi?" aliuliza Shangazi.

"Shangazi, una kiti karibu? Kaa kwanza."

Akamweleza. Hakupamba wala hakulia. Alimwambia amefuta namba ya kweli, amesimamishwa mwaka mzima, na kosa hilo ni lake. Akamwambia ufutio ulitoka mfuko gani. Akamwambia kuhusu mashine namba saba. Alipomaliza, aliiondoa simu sikioni kuangalia kama imekatwa tena.

"Kaka yako yuko hapo?"

"Yupo."

"Mpe simu."

Binti akaunyoosha mkono. Mwongozo akaitazama ile simu, akasogea nyuma kwenye majani kwa makalio, akatikisa kichwa. Mkono wa binti haukushuka. Sauti ya Shangazi ikatoka kwenye simu, ndogo lakini kila mtu uwanjani aliisikia.

"Mimi sikati. Nasubiri."